Siku Tuliyochagua Kuwa Wafupi

Swali la kwanza tuliloulizwa na mchezo ule ni lile ambalo shuleni tulifundishwa kutomuuliza mtu: wewe ni wa kabila gani?

Mzee mwenye duka alisogeza kiti, akasoma tafsiri niliyokuwa nimeiandika ubaoni kwa chaki, akacheka hadi akashika tumbo.

"Nchi nzima tumekatazana," alisema, "halafu mashine inakuja kutuuliza waziwazi? Andika Mtanzania tuendelee."

"Mtanzania haimo, mzee. Yamo matano tu."

"Basi soma hayo matano."

Duka lake la intaneti lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, Musoma mjini. Wakati wa shida, bidhaa zilipoadimika nchini kote, aliuza alichokipata, na siku nyingine alichokipata kilikuwa viberiti tu. Biashara ilipofunguliwa akaleta mitumba, kisha redio, kisha kanda za video. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili akapandisha sahani kubwa juu ya bati na kupanga kompyuta sita kando ya ukuta. Baba yake alitoka Ujiji, mama yake alikuwa wa hapahapa, na mwenyewe akiulizwa asili yake alijibu kwamba asili yake ni duka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na nilikuwa mhudumu pale: kufungua asubuhi, kufuta vumbi, kuchemsha chai, kuwaandikia barua pepe wasiojua kuandika, na kuwasomea majibu wasiojua Kiingereza.

Mchezo huo ulitufikia kwa sababu ya kaka yangu.

Yeye ni kifungua mimba wa nyumbani kwetu na mimi ni kitinda mimba. Wakati huo alikuwa anasomea uhandisi ughaibuni, katika mji ambao nilijua tu kwamba una baridi. Mwanzoni aliandika kurasa nzima kwa Kiswahili: theluji, mikate isiyo na ladha, namna watu wanavyopanda basi bila kusalimiana. Baadaye ikawa aya moja. Baadaye mistari miwili mitatu, tena kwa Kiingereza, kana kwamba anamwandikia mkuu wa idara. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa amerudi Butiama kumtunza mama yake mzazi, bibi yetu. Alikuja Musoma siku za soko, na kabla hajanunua chochote alipita dukani nimsomee.

Siku niliyomtafsiria ile barua pepe ya mwisho, alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Huyu anayeandika hivi mimi simjui," alisema. "Muulize kama bado ni wetu."

Swali la namna hiyo huliandiki ukabonyeza kitufe likaenda. Nikamuuliza kaka jambo jingine: siku za mapumziko anafanya nini? Sikutarajia jibu refu, wala hakuandika. Alipiga simu. Simu ya duka ililia, mzee akapokea, akanipa huku amenyanyua nyusi.

"Kuna mchezo nauchezaga kila Jumamosi," kaka alisema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza. "Watu wa dunia nzima wamo humo. Msimu mpya unaanza Jumamosi hii. Njoo. Ukiingia kambi yangu tutaongea mpaka uchoke, wala hatulipii simu."

"Wewe ni kabila gani humo?"

Akacheka. "Sikwambii. Chagua kama mtu wa kwetu, tutakutana tu."

"Kaka, acha utani!"

"Hujabadilika kabisa. Unapendaga kuambiwa kila kitu. Tafuta!"

Ndivyo alivyo tangu utoto. Akificha kitu hakupi hata dalili, anakaa pembeni akitabasamu na kukungoja. Mama alipokuja nilimweleza. Akarudia maneno yale polepole: "Mtu wa kwetu. Kwetu wapi?"

Nilikuwa na siku kadhaa, kompyuta na kamusi. Nilisoma maelezo yote ya mchezo, ukurasa baada ya ukurasa, wateja walipokuwa wachache. Haukuwa mchezo wa picha zinazokimbia. Mtandao wetu usingeuweza. Ulikuwa mchezo wa kusoma na kuandika, wenye picha ndogondogo: unaandika unachofanya, mchezo unakujibu kilichotokea, na watu waliosimama mahali pamoja nawe wanaona unachosema. Makabila yalikuwa matano katika kambi mbili. Kambi ya Uwanda ilikuwa na matatu, kambi ya Mwamba mawili. Watu wa kambi moja wanaelewana. Ukimsemesha mtu wa kambi nyingine, maneno yako yanamfikia yamevurugwa, herufi juu ya herufi, hata kama mmekaa kiti kwa kiti mnaandika lugha moja.

Maana yake ilikuwa wazi. Nikiikosea kambi, nitasimama uso kwa uso na kaka yangu nisielewe neno lake hata moja. Na msimu ungechukua karibu mwaka mzima.

Kisha nikakutana na sharti lililonifanya niinuke kitini. Ili watu wasichunguzane, mchezo ulihesabu mashine zote zinazotumia njia moja ya intaneti kuwa nyumba moja, na nyumba moja ilikuwa kambi moja. Wa kwanza kuchagua anawafunga wote watakaokuja nyuma yake. Kompyuta zetu sita zilikuwa zinapita kwenye sahani ile ile ya juu ya bati.

Ningeweza kubonyeza kimyakimya siku hiyohiyo. Lakini habari ilikuwa imeshatoka; nilikuwa naizungumza kila nikimimina chai, na wateja wawili wa kila Jumamosi walikuwa wameshasema nao wataingia. Mzee alipolisikia sharti lile akakata shauri kwa niaba ya wote.

"Kitu kinachofunga nyumba nzima hakiamuliwi na mtu mmoja. Jumamosi tunakaa."

Tukakaa. Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu wa sekondari, mwanamke wa Mugango, kando ya ziwa, aliyekuwa akija kufuatilia nafasi ya kusoma zaidi. Wa pili alikuwa kijana mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nyamuswa, ambaye kila Jumamosi alishuka basi la Bunda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaomba chai kabla ya salamu kuisha. Tukawa wanne mbele ya mashine ya kwanza: mzee, mwalimu, kijana na mimi. Majina ya makabila yalikuwa ya Kiingereza cha kubuni kisichotafsirika, kwa hiyo tulikubaliana tuyape majina sisi wenyewe kwa kuangalia picha.

Picha zilikuja kwa mwendo wa intaneti ya wakati ule, zikishuka kutoka juu kama pazia linaloteremshwa na mtu mwenye usingizi.

Ya kwanza ilileta paji la uso pana, kisha macho ya pembeni, kisha masharubu mawili marefu yanayoning'inia.

"Kambale!" kijana akapiga kelele. "Mwalimu, ndugu yako huyo! Msalimie."

"Cheka tu," mwalimu alisema. "Na wewe subiri, picha yako inakuja na kupe masikioni."

Hao tukawaita Watu wa Maji. Mwalimu aliwapenda palepale. Alisema wana uso wa mtu aliyelala vizuri.

Picha ya pili ilianza na pembe. Pembe tupu, ndefu, zimepinda kwa ndani. Kijana akasimama. Zikaja nywele za utosini, macho, pua nyevu, shingo, halafu nundu. Nundu ilipotokea alipiga kofi la mkono juu ya meza mpaka vikombe vikaruka.

"Hapo! Hapo ndipo kwetu! Dada, bonyeza!"

"Bado yapo mengine."

"Mengine ya nini? Umeona nundu? Huyo ana miaka minne, mitano. Bonyeza!"

Vichwa vya Ng'ombe. Watu wa mashine nyingine walikuwa wameshaacha barua zao na kusimama nyuma yetu, kila mmoja akimkadiria bei.

La tatu lilikuwa Binadamu, mtu wa kawaida mwenye upanga. Mzee hakusubiri miguu ishuke. "Mimi nimemaliza. Mungu ameniumba binadamu, leo nijiandike ng'ombe? Nikiulizwa nitajibu nini?"

"Ni mchezo, mzee," mwalimu alisema.

"Kuulizwa kule si mchezo."

La nne walikuwa warefu, weupe, nywele mpaka kiunoni, masikio yamechongoka, wanatazama mbali kana kwamba kuna kitu wamekilipia wakione. "Hawa nawajua," kijana alisema. "Huwa wanapita kwetu na magari yaliyofunguliwa juu, wanatafuta simba." Tulicheka sana. Wakawa Wenye Masikio, na hakuna aliyewataka.

Picha ya mwisho nilikuwa nimeiona peke yangu katikati ya wiki, na tangu siku ile nilikuwa nasubiri ionekane hadharani. Zilitangulia nywele zilizofumwa. Zikaja ndevu, na ndevu hazikwisha. Zilishuka mpaka mkanda. Mkononi nyundo. Miguuni, pembeni ya kaa la moto, mivukuto miwili ya ngozi, ile ya kupulizia moto, kushoto na kulia.

Kimo chao kilikuwa nusu ya Binadamu, nami moyoni nilikuwa nimeshawaita Wafupi, wa kambi ya Mwamba kama Watu wa Maji. Kisha mtu nyuma yetu akasema, "Aa, waturi," na wengine wakachekea puani.

"Hao weka pembeni," kijana alisema. "Hao hatuoanagi nao."

Ni lazima nieleze hapa. Kwetu Mara wahunzi walikuwa na koo zao, na watu wa koo nyingine waliwaita waturi. Walihitajiwa na kila mtu na kukwepwa na kila mtu. Ukitaka jembe, mkuki au shoka ulikwenda kwao, ukasimama nje, ukapewa, ukaondoka. Hukuoa huko, na wazee wengine hawakukubali hata maji ya kunywa kutoka kwenye mtungi wao. Katika miaka ninayoisimulia mambo hayo yalikuwa yamepungua kiasi cha kubaki kwenye mizaha, lakini mizaha ile ilitoka mahali, na watu walikuwa bado wanapajua.

Bibi yetu wa Butiama ni wa ukoo huo. Baba alipomwoa mama, ndugu zake, watu wa ng'ombe, walikaa muda mrefu bila kufika nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nilipoifikiria ile kauli ya kaka, "kama mtu wa kwetu," nilikuwa na ushahidi wa pande mbili, na nilikuwa nimeupima wiki nzima bila kulala vizuri. Upande mmoja ulikuwa huu. Wakati wa shida, madukani majembe hayakuwepo kabisa. Baba alikuwa kiwandani, mama alikuwa anapanga foleni ya sukari na sabuni, na kaka alipelekwa Butiama kukaa kwa bibi. Wajomba zake mama walikuwa wanafua majembe kutoka kwenye springi za malori yaliyokufa. Bibi ndiye aliyekuwa anavukuta, na kaka akafundishwa. Mama aliniambia kwamba watu waliokataa maji ya boma lile walikuwa wanafika alfajiri na vyuma vyao, wanakaa chini, wanaomba kwa heshima. Kaka aliyaona hayo akiwa na akili ya kuyaona.

Upande wa pili ulikuwa huu. Aliporudi mjini shuleni walimwita Makaa. Alipigana. Kuanzia hapo, mtu akimuuliza kwao, alijibu kwa baba, kwenye ng'ombe, na sikumbuki kumsikia akiitaja mivukuto hata mara moja. Sasa yuko mbali, anaandika Kiingereza, ana marafiki ambao sikuwajua. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kuchagua Binadamu. Angeweza kuchagua Wenye Masikio. Na kama ndivyo, basi mama alikuwa sahihi, na mimi ndiye ningekwenda kumwambia.

"Tupige kura," mzee alisema.

Mzee, Binadamu. Kijana, Vichwa vya Ng'ombe. Wote wawili ni kambi ya Uwanda. Mwalimu, Watu wa Maji; kambi ya Mwamba. Wakanigeukia mimi.

"Mwamba," nilisema.

"Wawili kwa wawili," mzee alisema, akafurahi kama mtu aliyepata kesi nzuri. "Haya, semeni."

Kijana alisema kwanza, na alisema vizuri. Alikuwa amenisikia nikieleza habari za kaka, akazigeuza kuwa silaha yake. "Dada, kaka yako amesema mtu wa kwetu. Baba yenu alikuwa mtu wa ng'ombe, sivyo? Mtoto ni wa baba. Sasa mtu wa ng'ombe anaona watu wenye pembe, anaona na nundu juu, halafu aende wapi? Aende kwa kambale?"

Watu wakapiga makofi. Hata mwalimu alikuna kichwa.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na yeye alikuwa ameangalia picha. Nikafungua ukurasa wa maelezo, nikaanza kutafsiri kwa sauti, neno kwa neno, kidole kwenye kioo. "Vichwa vya Ng'ombe ni watu wa nyanda. Wameapa kwamba ng'ombe ni ndugu zao. Hawamiliki ng'ombe."

"Rudia."

"Hawamiliki ng'ombe. Hawajengi zizi. Hawali nyama ya ng'ombe wala hawanywi maziwa yake. Akikutwa mmoja wao na ng'ombe anafukuzwa."

Kijana alikaa. "Maziwa pia?"

"Pia."

"Sasa mahari wanatoa nini?"

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa kwa sababu hawaoi!" alifoka. "Watu wana pembe, wana nundu, zizi hawana! Hao si watu, hao ni hasara." Duka lote lilikuwa linacheka, mwalimu amejiinamia mezani, na kijana mwenyewe akaanza kucheka huku bado amekasirika. Nilidhani nimeshinda. Akafuta macho, akasema, "Basi mimi nahamia kwa mzee. Binadamu. Bado wawili kwa wawili."

Mzee akanitazama. Alikuwa mtu wa kuona mambo. "Binti, wewe unataka Mwamba, lakini hujasema kabila. Na hufanani na mtu anayetaka masharubu."

Mwalimu naye akageuka. Wale waliosimama nyuma wakasogea kusikiliza. Niliitazama ile picha ya mwisho, ndevu na nyundo na mivukuto, nikajua kwamba hakuna maelezo ya mchezo yatakayonisaidia hapa.

"Nataka Wafupi," nilisema. "Bibi yangu ni mturi. Mama yake mama. Yuko Butiama mpaka leo. Kaka yangu amekulia pale, amevukuta ile mivukuto. Naamini yuko huko. Kama hayuko, basi hayuko, lakini mimi nikichagua kama mtu wa kwetu, kwetu ni pale."

Nilisema yote kwa pumzi moja.

Kijana alinitazama, akatazama kikombe chake kitupu, akanitazama tena. "Yaani wewe," alisema polepole, "unanipaga chai kila Jumamosi, na mimi nakunywa?"

"Na unaongeza."

"Babu yangu angenitapisha."

"Kijana!" mwalimu akamkemea.

"Ngoja, Mwalimu, namaliza." Akasukuma kikombe mbele yangu. "Mimi nimekunywa mwaka mzima na sijafa. Ongeza sukari kidogo. Halafu bonyeza hao Wafupi wako, nione hao ndugu zangu wapya wana zizi au hawana."

Walikuwa nalo. Maelezo yalisema Wafupi wanafuga mbuzi na ng'ombe wa milimani. Alipiga kelele ya furaha iliyomtoa fundi saa wa jirani mlangoni kwake.

Akabaki mzee na tatizo lake. "Hao Wafupi ni viumbe gani? Ni watu au mashetani?"

Nikatafuta mahali pale. "Inasema Muumba aliwafinyanga kwa udongo na jiwe."

"Kwa udongo?"

"Kwa udongo."

"Basi ni wenzangu," alisema, akakunja mikono ya kanzu. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Mashine ikafikiri, mstari wa chini ukajaa taratibu, na sote wanne tukawa tumeusogelea kioo mpaka vichwa vinagusana. Mchezo ulinipa sura. Kwa Wafupi wanawake nao walikuwa na ndevu, na yangu ilifika kwenye magoti. Mwalimu aliyekuwa ameshakaa mashine ya pili, amejiandikisha masharubu yake, aliniambia nimependeza.

Mahali pa kwanza palikuwa uwanja wa soko chini ya mlima. Maneno yalikuwa yanapita kwa lugha ambazo sijawahi kuziona, watu wanauza ngozi, wanatafuta wenzao, wanagombana. Niliandika: "Kuna mtu wa Mara hapa?"

Maneno yakaenda, yakasombwa na maneno mengine. Mtu mmoja aliuliza kwa Kiingereza Mara ni silaha gani. Niliandika tena. Nikaandika mara ya tatu. Mwalimu alikuwa amefika kando yangu uwanjani, masharubu na yote, akawa anaandika naye. Hakuna jibu. Kijana aliweka kikombe chini kwa upole ambao sikuuzoea, akasema, "Labda bado hajaamka huko."

Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama.

Ndipo mstari mmoja ukatokea katikati ya ile vurugu, Kiswahili kitupu: "Nani huyo anayeita watu wa Mara kwa sauti sokoni kama anauza dagaa?"

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Mzee alisimama, akakaa, akasimama. Mwalimu alinikumbatia na kiti changu. Niliandika jina la utani la nyumbani ambalo ni yeye na mimi tu tunalijua, akajibu kwa la kwangu. Alikuwa Mfupi. Ana nyundo. Amesimama mbele yangu.

"Ndevu zako zinazidi zangu," aliandika. "Heshima kwa kaka mkubwa iko wapi?"

"Mbona umenitesa? Ningekukosa!"

"Ungenikosa ningejua hunijui. Nani mwingine yuko nawe?"

"Mzee wa duka, mwalimu, na mtu wa Nyamuswa."

"Mtu wa Nyamuswa amekubali kuwa mhunzi?"

"Kwa sababu ya chai," nikaandika, na kijana akanipiga begani.

Kisha nikamuuliza kwa nini alichagua huko. Mstari wake ulichelewa. Ulipokuja ulikuwa mrefu kuliko barua zake zote za mwaka ule. Alisema wenzake wa bweni, wanaocheza naye chumba kimoja, kila mmoja na njia yake ya intaneti, wako Uwanda wote. Walimbembeleza awe mrefu mwenye masikio, au Binadamu, wapigane pamoja. Lakini alipoiona mivukuto kwenye ile picha hakusoma maelezo mengine. Msimu uliopita alicheza peke yake upande wa Mwamba, wenzake wamemzunguka, wanacheka na kuitana, na yeye kwenye kioo chake anaona herufi zilizovurugwa tu.

"Na Kiingereza cha barua?" niliuliza.

"Nikiandika Kiswahili naanza kusikia sauti zenu. Halafu siwezi kusoma siku hiyo. Nimekosea?"

"Umekosea. Mama analia."

Aliandika: "Jumamosi ijayo mlete."

Mama alifika Jumamosi iliyofuata na gari la asubuhi la Butiama, amevaa kitenge cha kanisani. Duka lilikuwa limejaa. Kijana wa Nyamuswa alimpisha kiti na kumwita shemeji, na mama akamtazama kwa macho ya kumpima, kwa sababu hakujua ni shemeji kwa nani. Nikamwonyesha kioo.

"Ni yupi mwanangu?"

"Huyu wa kushoto. Wa kulia ni mimi."

Aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Aliipapasa picha ile ndogo, ndevu, nyundo, akashuka na kidole mpaka kwenye ile mivukuto miwili, akakiacha hapo. "Mwandikie," alisema bila kugeuka. "Bibi yako anauliza: ukivukuta unatumia mkono mmoja au miwili?"

Nikaandika. Jibu likaja kabla sijaondoa mikono.

"Miwili. Mmoja unaua moto, na bibi anakuua wewe."

Nilimsomea. Mama alipiga kigelegele kimoja kikali, ndani ya duka la intaneti, mchana kweupe, na mtu wa mashine ya sita akamwaga soda. Kisha akavuta kiti mpaka magoti yakagonga meza, akatengeneza kilemba, akaanza. Mihogo imeliwa na nguruwe pori. Mjomba mkubwa ana jicho bovu lakini bado anafua. Binti wa jirani ameolewa Suguti, harusi ilikuwa na mvua. Bati la jikoni limetoboka. Bibi anasema mjukuu gani anakaa miaka yote hiyo bila kuja kumsalimia. Alizungumza akikitazama kioo, mkono hewani, na mimi naandika vidole vikigongana, na kaka upande wa pili anaomba, polepole, polepole, na mama anasema, "Mwambie hakuna polepole, mwambie bado sijafika hata kwenye ng'ombe."